Mnaosema mbuyu haufi, njooni niwasimulie uliomfia dada yangu Yustina

Wakuu, habari za humu ndani.

Wakubwa zangu kama mpo, shikamooni. Vijana nao marahaba, hata kama hamjaniamkia. Nimeshawazoea.

Leo nimeamka na hasira. Jana mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu uzi wa mtu anayeuza unga wa ubuyu kwenye vikopo. Kaandika kwa herufi kubwa: MBUYU NI MTI USIOKUFA. Chini yake watu wamejipanga kusifia. Mmoja anasema mbuyu una majini. Mwingine anasema bibi yake alimwambia mbuyu ukichunwa gome unaota jipya milele na milele, amina.

Nikamwambia mjukuu, lete hiyo simu. Na huyu bibi naye aandike.

Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu mwenyewe. Anayetaka chai, hapa kwangu Chanji, Sumbawanga, ninayo ya rangi na ya maziwa. Kwenye uzi huu hakuna.

Niseme mapema ili asije mtu kulalamika kwamba sikumwonya: dada yangu alikufa ndani ya mbuyu. Kama huna moyo wa kusoma mambo ya msiba, pita.

Tuendelee.

Sumbawanga mnayoijua wengi ni hii ya juu. Baridi, mahindi, ulezi, watu wamevaa makoti mpaka saa sita mchana. Huku juu mbuyu huuoni. Ila ukishuka Lyamba, ule ukingo wa bonde la Rukwa, ukatokea pande za Milepa na Ilemba, joto linakupokea na mibuyu inaanza kuonekana. Mikubwa, mingine wazee wa wazee wetu wamezaliwa wakaikuta.

Sisi ni watu wa kule bondeni. Tulikuwa na kijumba chetu, jirani wa karibu ukimwita lazima upaze sauti.

Mbuyu kwetu ulikuwa jiko, duka na zahanati. Majani machanga mama aliyapika mlenda. Ubuyu tuliloweka kwenye maji tukakorogea uji, na mtoto akiharisha anapewa huo huo. Mbegu tulikaanga tukatafuna njiani kwenda shule. Kaka yake mama alikuwa na kata ya kunywea maji ya ganda la buyu, hakubali mtu aiguse.

Na gome ndiyo kamba. Hapo ndipo penye habari yangu.

Baba yetu, watu walimwita baba Yustina kwa sababu dada ndiye wa kwanza, alikuwa bingwa wa kamba za mbuyu. Unachuna gome upande mmoja wa mti, unalilowanisha, unalipondaponda mpaka nyuzi ziachane, halafu unasokota. Kamba hiyo unaweza kufungia ng'ombe dume akavuta mpaka akakuchukia.

Upande uliochunwa unauacha kabisa. Mti unajifunga wenyewe, unaota gome jipya. Mwaka mwingine unahamia upande mwingine. Kila mbuyu ulikuwa na nyumba yake, na mwenye nyumba ndiye anasema chuna hapa, pale acha. Hakuna aliyeandika popote, ila mtu akichuna mbuyu usio wake kulikuwa na ugomvi mkubwa kuliko wa mke.

Mingine haikuguswa kabisa. Kulikuwa na mbuyu mmoja watu waliouwekea unga wa ulezi chini, wanasema ni wa mizimu. Baba alikuwa Mkatoliki, rozari mfukoni, lakini akipita pale hapigi mluzi. Ukimuuliza anasema, "Heshima haina dhambi."

Basi, ikaja kuhamia vijijini.

Nawaomba sana, msinigeuzie uzi huu kuwa wa siasa. Kuna mazuri niliyapata, shule mojawapo, leo ninaandika hapa kwa sababu hiyo. Ila tulivyohamishwa ndivyo nitakavyosema. Walikuja mgambo na lori, tukapewa muda wa kufunga vyombo, mapaa yakang'olewa ili mtu asirudi. Mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mdogo wetu wa mwisho. Kuku wetu mmoja alibaki juu ya mti, hatukumwona tena.

Tulishushwa mahali peupe upande wa Ilemba. Hakuna nyumba hata moja. Kulikuwa na vigingi vimechomekwa kwa mstari, na katikati mbuyu.

Wakuu, ule mbuyu ulikuwa mkubwa. Chini una pango, mlango wake mtu mzima anaingia akiinama kidogo, na ndani anasimama wima. Juu kabisa kuna tundu, mwanga unapita. Nyuki walikuwemo, na popo.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Gaudensi. Yeye mtu wa juu, alishushwa na familia yake kama sisi tulivyoshushwa. Kazi yake huko juu ilikuwa kuchoma matofali. Mtu mwema, mchapakazi, anaongea haraka. Mbuyu alikuwa hajawahi kukaa nao.

Mvua zilikuwa karibu. Misumari haipo, kila mtu anataka kujenga kabla hajanyeshewa. Nguzo na fito unafunga na nini? Kamba. Na kamba inatoka wapi?

Pale pale katikati ya kijiji.

Mbuyu ule haukuwa tena na nyumba yake. Ulikuwa wa kijiji. Hakuna aliyekuwa na kinywa cha kusema chuna hapa, pale acha. Watu wakauzunguka na mashoka na visu. Huyu upande huu, yule upande ule. Wakafika mpaka mkono usipofika, wakaleta ngazi.

Na baba alikuwemo. Nasema hivi ili mjue sina upande ninaoutetea. Baba alichuna kuliko wote, maana alijua. Akawachunia hata wasiojua. Mama alikuwa amelala chini ya kibanda cha majani na mtoto ana kifua, unadhani baba angesubiri nini?

Walipomaliza, mti ulikuwa mtupu pande zote. Mwekundu-mwekundu, una majimaji, kama goti la mtoto lililochubuka.

Nakumbuka mama alisema, "Baba Yustina, hamjauacha hata kidogo."

Baba akamjibu, "Utafunga. Mbuyu haufi, mama Yustina. Mimi nimeukuta, na wewe umeukuta."

Nyumba zikasimama. Tukaingia ndani mvua ikiwa inanukia.

Likabaki tatizo la stoo. Mbegu za kijiji zilikuwa zimewekwa chini kwenye magunia, mchwa wakaingia. Bwana Gaudensi akatazama huku, akatazama kule, akatazama pango la mbuyu. Akasema, stoo si hii hapa tayari? Tunahitaji mlango tu.

Hata sisi tuliozoea mbuyu tukaona ni akili nzuri. Kweli, hata zamani watu waliweka vitu mapangoni humo. Hakuna aliyepinga, msije mkadanganywa na wanaosema leo kwamba walipinga.

Ila kulikuwa na nyuki na popo, na ukuta una unyevu. Bwana Gaudensi akasema tutapakausha. Na mchoma matofali anakaushaje kitu? Akapanga kuni ndani, akawasha, akaziba mlango kwa udongo kama tanuru la kwao.

Kuni zilibebwa na wanaume kadhaa, baba mmoja wao.

Moshi ulitoka kwenye tundu la juu kama bomba la nyumba. Nyuki wakahama. Tukashangilia, watoto tukaokota masega yaliyoungua tukalamba. Kuni zilipoisha wakamwaga maji, wakafungua. Lakini moshi mwembamba uliendelea kutoka juu kwa muda mrefu baadaye. Moto ulikuwa umeingia ndani ya nyama ya mti, unatembea polepole. Wakamwaga maji tena. Ukaacha kuonekana.

Kisha mvua ikanyesha, na mbuyu ukatoa majani.

Wakuu, mngeona ile furaha! Majani mengi, mabichi kabisa. Bwana Gaudensi akasimama mkutanoni akasema, "Mnaona? Hata mti umekubali kijiji." Watu wakapiga makofi. Baba alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu tuhame. Akamgeukia mama, "Nilikwambia nini?"

Hebu nikaangalie maharage, naona yanaungua.

Nimerudi.

Sasa nimlete Yustina.

Yustina alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Mrefu, sauti kubwa, anaimba kwaya mpaka mwalimu wa kwaya anamwambia punguza. Mimi aliniita Kijiko, kwa sababu ya kula. Nikilia ananiita Kijiko Mbichi. Alinichokoza asubuhi mpaka jioni, na mtu mwingine akinichokoza anampiga.

Kijiji kilitafuta mtu anayejua kusoma na hesabu asimamie stoo. Wakamchagua yeye. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima.

Ulikuwa mwaka wa njaa ule. Mashamba mapya, mvua ilianza vizuri halafu ikayumba, na tulichelewa kupanda kwa ajili ya kujenga. Serikali ikaleta unga wa mahindi ya njano, ule watu waliouita yanga. Unashushwa, unaingia mbuyuni, Yustina anagawa. Kila nyumba kipimo chake, kibaba kimesawazishwa na kijiti juu.

Nyumbani tulidhani tumeula. Dada stoo! Thubutu. Yustina hakutuongezea hata kiganja. Siku moja mama alienda akiwa mwishoni mwa foleni, na mtoto analia, akamnong'oneza, "Hata mama yako?" Yustina akasema mbele za watu, "Mama, ukifika zamu yako nitakupa chako." Mama alirudi amenuna, lakini nilimsikia akimsimulia jirani, na nyuma ya ile kununa kulikuwa na majivuno.

Sasa sikilizeni dalili, maana ndizo zimenifanya niandike.

Kwanza, unga ulianza kushika madonge. Yustina akasema ukuta unatoka jasho. Baba akasema mbuyu ni mti wa maji, lazima utoe jasho.

Pili, harufu. Ndani palianza kunuka kama kimea cha pombe kilichochacha. Bwana Gaudensi akasema ni unga ulioloa, akaagiza magunia yatolewe juani.

Tatu, mlango. Huu ndio siwezi kuusahau. Ulitengenezwa vizuri na seremala, unafunga na kufungua bila shida. Ukaanza kubana. Seremala akaja akapiga randa kwa juu. Ukakaa vizuri kidogo, ukabana tena. Akapiga randa tena.

Jioni moja tunakula, Yustina akasema, "Baba, ule mlango unabana tena. Leo nimesukuma kwa bega."

Baba akatafuna, akameza, akamwambia, "Mvua hiyo. Mbuyu ukinywa maji unanenepa. Kiangazi utakonda, mlango utafunguka."

Na ni kweli, wakuu! Mbuyu unanenepa masika na kukonda kiangazi, mtu wa bondeni yeyote anajua. Mtu asiyejua mbuyu labda angeuona mlango unabana akaogopa. Baba alijua mbuyu, ndiyo maana hakuogopa. Nimezunguka na jambo hili maisha yangu yote, sijapata pa kuliweka.

Ule mti haukuwa unanenepa. Ulikuwa unakaa chini. Ndani umeungua na kuoza, nje hauna gome, na juu umebeba majani yote yale, umelowa maji.

Ilikuwa asubuhi ya kugawa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, jua likatoka, hakuna upepo hata wa kupeperusha kanga. Foleni ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nimeshika nafasi ya mama, yeye yuko nyuma anamnyonyesha mtoto. Yustina alikuwa ameingia mapema na kuurudisha mlango nyuma yake, anapanga magunia, anaimba. Foleni nzima tunamsikia.

Akasukuma atoke, mlango ukagoma. Akasukuma tena. Watu wakacheka, mtu mmoja akapaza sauti, "Yustina, umenenepa na unga wetu?" Naye akacheka kule ndani.

Halafu mti ukakaa.

Mnadhani mbuyu unaanguka kama mti mwingine, kishindo na matawi kuvunjika. Hapana. Ulitoa sauti ya kitu kinachochanika, kitambaa kizito kilicholowa, ukajikalia chini wenyewe, taratibu, kama mama mnene aliyechoka. Baadaye ndiyo matawi yakaja. Tulikimbia. Wawili waliumia, mmoja mguu, mmoja bega. Vumbi halikuwepo kwa sababu kila kitu kilikuwa na maji.

Pale paliposimama mbuyu palikuwa na lundo. Na ndani ya lundo kulikuwa na sauti ya dada yangu.

Aliita, "Baba! Mlango!"

Baba alikuwa shambani. Alifika akikimbia, jembe bado mkononi.

Wanaume walikuwa wameshaanza na mashoka. Wakuu, shoka kwenye mbuyu uliolowa linazama. Halikati. Linazama, linang'ang'ania, ukilitoa yanatoka maji. Msumeno unameza nyuzi unakwama. Walileta miti wanyanyue kama wanavyonyanyua gari lililokwama, miti ikatumbukia humo. Bwana Gaudensi alikuwa anachimba na mikono yake miwili, analia kwa sauti, hata hajui kwamba analia.

Baba akawaambia waache mashoka. Akatoa kisu chake cha kamba. Akaanza kuchuna.

Alikuwa anajua njia moja tu ya kuuingia mbuyu, na hiyo ndiyo aliyoitumia. Tabaka moja, anavuta. Tabaka lingine, anavuta. Watu wakajipanga nyuma yake wanapokea nyuzi na kutupa. Na muda wote anamjibu, "Nakuja, mama. Nakuja." Baba zetu huwaita binti zao hivyo, mama.

Dada aliita tena, mlango, mlango. Halafu akawa anagonga tu. Halafu kugonga kukawa kwa mbali mbali.

Baba hakuacha kumjibu hata baada ya hapo.

Walipomfikia jua lilikuwa linashuka. Hakuwa na jeraha usoni. Alikuwa wa njano mwili mzima, unga ulimmwagikia, nywele, kope, kila mahali. Mama alimpangusa na kanga yake, akampangusa, akampangusa. Vidole vya baba vilikuwa vimeng'oka baadhi ya kucha. Nilimwona anaviangalia kama vya mtu asiyemjua.

Padri alikuwa mbali, katekista ndiye aliyetuongozea sala. Jeneza liliungwa kwa mbao za mlango ule ule, maana mbao nyingine hatukuwa nazo. Na kulishusha kaburini ni kwa kamba. Mnajua zilikuwa kamba za nini.

Baada ya hapo ndipo yakaja maneno. Oh, mizimu imekasirika. Oh, mti ulikuwa na wenyewe. Oh, watu wa juu wameleta mkosi. Vijana wakataka kumpiga Bwana Gaudensi pale pale msibani. Yeye alikuwa amekaa chini kwenye tope, chakula hagusi.

Baba akasimama akawaambia, "Mwacheni. Kuni nilibeba mimi, na gome nilichuna mimi." Akakaa. Tangu siku ile hakusokota kamba. Mbuzi wetu tulifunga na vitambaa. Mpaka anaingia kaburini watu walimwita baba Yustina, na kila akiitwa alichelewa kidogo kuitika.

Kwa hiyo mtu akija hapa na habari za majini ya mbuyu, nachefukwa. Jini lipi? Tulikuwa watu wenye haraka na wenye mvua kichwani, basi.

Kawaida funzo linawekwa mwisho. Mimi naliweka hapa, kwa sababu nikishaandika kilichobaki sitaandika tena.

Mbuyu unakufa. Unakufa kutokea ndani, na unaweza kuwa umeshakufa ukatoa majani mabichi kwa maji uliyojiwekea tumboni. Kwa hiyo majani si ushahidi wa kitu. Ukiwa na mbuyu nyumbani kwako, chuna upande mmoja, acha mwingine, moto usiingie ndani, na ukiona shina linatoa maji yenye harufu ya pombe, hamisha watoto. Wewe muuza vikopo, endelea na biashara yako, ubuyu ni mzuri kweli, nimelelewa nao. Ila futa yale maneno.

Wenye wazee waliokaa bondeni miaka ile, waulizeni kabla hawajaondoka, mje mtuandikie hapa mliyoyasikia. Wanaobisha pia karibuni, nitawajibu taratibu, bando ninalo. Matusi peleka kwenu.

Sasa lile la mwisho.

Njaa haikuisha kwa sababu tumefiwa. Unga mwingine ulikuwa umeharibika chini ya mti, na lori lilikwama kwenye tope likachelewa. Mdogo wetu alikuwa amebaki macho tu. Na lile lundo pale katikati ya kijiji, mvua ikazidi kulinyeshea, likatoa majani. Machanga, laini, ya mlenda mzuri kabisa. Watu walipita wakiyatazama, hakuna aliyethubutu kuyagusa kwa sababu yetu.

Siku moja mama alichukua ungo akaenda peke yake, mchana, mbele ya kila mtu. Akachuma. Akarudi, akapika, akatenga.

Baba akatoka nje. Mimi nilikaa nikakitazama kile chakula, na njaa inaniuma mpaka naona kizunguzungu, na mkono hauendi.

Mama akamega tonge dogo la ugali wa ulezi wetu wa mwisho, akachovya, akaniwekea mkononi.

"Kula," akasema. "Dada yako anagawa. Zamu yetu imefika."

Nikala.